Barua ya wazi kwa dada yangu: kifafa sio siri ya ukoo

Dada, shikamoo.

Naandika huku kwa sababu simu hupokei, WhatsApp umeniblok, na shangazi niliyemtuma kaja na jibu eti "mwambie akae na unesi wake". Haya, nimekaa nao hapa hapa mbele za watu, na najua utaletewa tu, kwenye lile group lenu la vikoba hakuna kinachopita bila kusomwa.

Umekasirika kwamba nimemwambia mchumba wa mdogo wetu habari ya kifafa. Unasema nimeanika siri ya ukoo mahari yenyewe bado haijamalizwa, na wakirudisha posa nitajua mwenyewe pa kuificha sura yangu. Kwanza kabisa nilitumwa, bibi harusi mwenyewe ndo aliniomba, tukakaa watatu siku ya Jumapili baada ya misa nikaongea yeye akiwepo. Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja tu, "sasa akianguka mi nifanye nini?" Dada, kwetu sisi miaka yote hiyo nani aliwahi kuuliza hivo? Sisi tulikuwa tunauliza nani kamroga.

Afu wewe ukaandika kwenye group la familia, "mishipa ya fahamu na kuanguka wapi na wapi, mbona kichwa hakimuumi, mbona darasani alikuwa anawapita wote?" Nikaanza kukujibu ukaleft. Lile swali lilikuwa zuri bana, ulikimbia nini? Ngoja nikujibu leo.

Kichwani mwa mtu kuna seli za neva kama bilioni 86. Kila moja ina mwili mdogo wenye kiini, ina matawi matawi ya kupokea habari, na ina mkia mmoja wa kuipeleka mbele, huo unaitwa aksoni. Kuna mikia mifupi huwezi kuiona kwa macho, na kuna inayotoka kwenye uti wa mgongo huku kiunoni ikashuka mpaka vidole vya mguu, karibu mita nzima, na hiyo yote ni seli moja haijaungwa popote. Mingi imeviringishiwa mafuta yanayoitwa mayelini ili habari ikimbie, na mafuta hayo yanawekwa na seli nyingine, za glia, ambazo nazo ni mabilioni, kazi yao kulisha na kusafisha na kufunika hizi za neva. Kwenye neva nene zilizofunikwa vizuri habari inaenda mpaka mita 120 kwa sekunde.

Na habari yenyewe ni umeme kweli, unapimika. Seli ikiwa imetulia, kati ya ndani na nje kuna tofauti ya kama milivolti 70. Ikishtuliwa, vijimlango kwenye utando wake vinafunguka, sodiamu inaingia, umeme unageuka, potasiamu inatoka, inatulia tena, yote hayo hujapepesa hata jicho. Ikifika mwisho wa mkia kuna kijinafasi kabla ya seli ya pili, pale inamwagwa kemikali. Zipo zinazoiamsha jirani, kubwa yao glutamati, na zipo zinazoituliza, kubwa yao inaitwa GABA. Ukimuona mtu anatembea anaongea anacheka, ujue hizo mbili zinapimana vizuri.

Sasa kifafa. Chukulia kikao cha mahari cha kwetu, mshenga anaongea wengine wanangoja zamu, baba mkubwa anakohoa anapewa nafasi, mambo yanaenda. Siku ukumbi mzima ukianza kupayuka kwa pamoja, neno moja, mdundo mmoja, hakuna kitakachoeleweka mpaka wachoke wanyamaze. Kifafa ndo hivyo, seli nyingi za ubongo zinarusha umeme kwa pamoja. Watu ni wale wale na akili zao ni zile zile. Ndo maana mdogo wetu alikuwa anaanguka Jumatatu na Ijumaa anashika namba moja. Mjerumani mmoja, Hans Berger, alianza kurekodi umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa mwaka 1924, ni miaka mia sasa, na mdogo wetu alipofanyiwa hicho kipimo mi nilikuwa pembeni nimeshika mkoba wake, nikaona mistari inavyochorwa. Pepo hakuchorwa.

Lile povu ni mate yake mwenyewe, ameshindwa kuyameza yanachanganyika na hewa. Damu ni ulimi kaung'ata. Mkojo ni misuli imeachia. Hakuna hata kimoja cha kumuambukiza mtu. Hapo ndo nafika mahali ambapo nimejaribu kupanyamazia siku zote hizi nimeshindwa.

Siku ile ya harusi ya binamu, uani. Unakumbuka asubuhi ulishika mfuniko wa lile sufuria la pilau bila kitambaa? Ukautupa ukaanza kupuliza vidole, tukacheka sana. Mkono wako ulishatoka kwenye moto kabla maumivu hayajafika, kwa sababu amri ya kuutoa ilitolewa kwenye uti wa mgongo, haikungoja ubongo, na neva zinazoleta ule uchungu wa kuwaka waka ni nyembamba hazina mafuta, zinajikokota kama mita moja kwa sekunde. Wewe ulikuwa na ulinzi huo. Saa chache baadaye mdogo wetu akaanguka pale pale kwenye mafiga na yeye hakuwa nao, maana misuli yote ilikuwa imekamatwa na ile kelele ya kichwani, mkono ukalala kwenye kaa la moto ukabaki hapo.

Na wewe dada ukanyoosha mikono kuzuia watu ukapiga kelele "msimguse! msimguse mpaka aache povu!"

Mi nilikuwa natoka bombani na ndoo, sauti yako niliisikia kabla sijaona kitu. Wamama wote wamesimama na miiko mkononi. Yule babu mpishi wa kukodi, ambaye hata sio ndugu, ndo alimshika miguu akamvuta. Kitenge chake upande mmoja kilikuwa kimeshika moto, kile cha njano cha sare, nimekifua kile kipande mpaka leo kipo. Nikamgeuza ubavu nikawa nasikia unamwambia mtu nyuma yangu, "mbona halii, hajaungua sana huyo."

Hakulia kwa sababu hakuwa na fahamu. Na hata alipozinduka katikati ya kidonda hapakumuuma, pembeni ndo palimuuma, kwa sababu moto ulipoingia ndani sana uliteketeza na ncha za neva zenyewe za kuleta maumivu. Kidonda kisichouma ndo kibaya dada. Nimefunga vidonda vya moto vingi wodini na kila siku nikikuta mgonjwa katulia namwangalia mara mbili. Mpaka leo ukimgusa pale kwenye mkono, chini ya kiwiko, anakwambia hasikii kitu.

Na kwa nini alianguka siku ile wakati miezi mingi alikuwa salama? Kwa sababu vidonge vyake vya fenobabitoni ulivitupa chooni wiki ile. Ukasema vinamlevya, analala lala, na yule mtu wa maombi kakwambia imani na vidonge havikai nyumba moja. Usingizi ni kweli unaletwa na ile dawa, sibishi, ni kwa kuwa inaiongezea nguvu ile GABA ya kutuliza. Ila dawa hii ipo tangu 1912 na mtu haachi ghafla, ubongo uliozoea kushikwa ukiachiwa kwa mara moja unalipuka. Unapunguza taratibu na daktari anajua, basi. Maombi angeendelea nayo tu, mi mwenyewe nilikuwa nasali novena.

Najua uliogopa. Mama alipofariki wewe ndo ulimbeba yule mtoto mgongoni huku unauza vitumbua, na ada yangu ya chuo uliitoa wewe, sijasahau, hata haya ninayokufundisha leo umeyalipia mwenyewe. Ulikuwa unamkanda miguu usiku baada ya kuanguka, unampikia uji wa ulezi, kijana wa jirani alipomwita jina baya ulimfuata na mchi mpaka kwao. Sasa mtu huyo huyo anashindwaje kumvuta mtoto kwenye moto, hilo ndo sielewi, nageuza hivi nageuza vile sielewi.

Labda ni kwetu tu tulivyokua. Wewe umekaa Mahenge kwa bibi kuliko mimi, unajua kule kifafa kilivyo kingi. Bibi alikuwa anasimulia yule daktari mzungu mwanamke, Louise Jilek-Aall, Mnorwe, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wana makovu ya moto na wanalishwa peke yao na chombo chao. Watoto wengine kichwa kinaanza kuinama inama kwanza, yeye aliliandika hilo kabla dunia haijaanza kuuita ugonjwa wa kutikisa kichwa, kwa Kizungu nodding syndrome. Na wataalamu siku hizi wanaona uhusiano na usubi, wale minyoo wanaoletwa na vijinzi vya mito inayokimbia, namna unavyoharibu mpaka kichwani ndo bado wanabishana. Kwa hiyo zile dawa za usubi zinazogawiwa kijijini, ambazo ulimwambia mjomba asinywe zinamaliza nguvu za kiume, aendelee kunywa tafadhali.

Tutor wetu chuoni alikuwa anapenda kutuhadithia kwamba mwaka 1906 tuzo ya Nobel walipewa wawili kwa kazi hii hii ya neva, Golgi wa Italia na Cajal wa Hispania, na walikuwa hawapatani kabisa. Golgi anasema ubongo ni wavu mmoja umeungana, Cajal anasema hapana, ni seli moja moja zenye nafasi katikati, na kilichomfanya Cajal aone ni rangi aliyoigundua Golgi mwenyewe. Golgi akatumia hotuba yake ya tuzo kumpinga mwenzake aliyekaa pale pale. Na tuzo walichukua wote. Basi na sisi meza kuu tutakaa, hata kama utageuzia uso upande wa keki.

Ila ukija uje unajua. Akianguka ukumbini, mlaze ubavu, ondoa viti na glasi, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, na ule mchezo wa kumpachika kijiko mdomoni au kumnusisha kiatu sitaki kuuona, utamvunja meno bure. Angalia saa. Ikipita dakika 5 hajaacha, gari, hospitali, hakuna mjadala. Ikiacha, mwache alale, ubongo umechoka. Hajaanguka tangu Kwaresma ya mwaka juzi kwa hiyo sidhani, siku hizi anatumia kabamazepini, hii inaminya ile milango ya sodiamu isifunguke funguke hovyo, na anaimeza kwa saa ya simu. Akishika mimba asiache dawa kwa maneno ya mtu, aende kwa daktari mapema, zipo nyingine kama valproeti ambazo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, ndo maana yeye hakupewa hiyo. Na hayo ya "atazaa wenye kifafa" uliyomwambia mama mkwe wa watu, dada, watoto wengi wa mzazi mwenye kifafa hawakipati.

Haya yote mchumba anayajua. Ungetaka nimfiche? Amuone mke wake anakakamaa usiku wa kwanza akimbilie kwa mashahidi, au afanye kama wewe ulivyofanya? Mi nilichofanya ni kumtafutia mdogo wetu mtu wa kumvuta kwenye moto, na kama hiyo ni kuanika siri basi nimeanika na ningeanika tena kesho. Wewe umemlea, hakuna anayekunyang'anya hilo, ila kumlea hakukupi haki ya kumchagulia nani ajue na nani asijue ugonjwa wake mwenyewe.

Sare ya upande wetu ni kijani, fundi anakusubiri ukapimwe, kitambaa chako nimeshakilipia. Na mchango wako wa sendofu bado haujaingia, mhazini kila siku ananiuliza mimi.