Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Shimo

Ndugu wanachama,

Nianze na chuma kipya cha kunyanyulia, maana najua ndicho mlichokuja kukiulizia. Hakijafika. Muuzaji tuliyemtangulizia malipo mwezi wa tatu alituahidi wiki mbili, na kila tukipiga simu mzigo uko njiani. Sitamtaja, Katibu anashughulika naye. Kosa la kulipa kabla ya kuona mzigo ni langu, si la kamati.

Kwa hiyo mwaka mzima tumenyanyua vilevile vya siku zote: ekseli ya lori, gia chakavu, na ndoo za rangi za lita 20 tulizozijaza zege. Vijana wamenung'unika, na wana haki. Ndiyo sababu zile Ijumaa za mazungumzo baada ya mazoezi nilizitumia kumsimulia Paul Anderson, mnyanyua vyuma Mmarekani wa uzito wa juu. Wengi mlikosa, na kwa vile karibu kila tulichobishania mwaka huu kilimgusa yeye, narudia hapa.

Anderson alizaliwa 1932 Toccoa, mji mdogo wa jimbo la Georgia. Tangu utotoni alikuwa na maradhi ya figo, na hayakumwacha. Vyuma alivianza akiwa chuoni ili apate nguvu za kucheza mpira wa Kimarekani. Mpira ukaachwa, vyuma vikabaki. Nyumbani kwao alijitengenezea vifaa kwa magurudumu ya chuma, ekseli na mapipa ya zege. Hapo banda zima lilicheka, kila mtu akiitazama ekseli yetu.

Kilichowakaza macho vijana ni shimo. Anderson alichimba shimo akasimama ndani, mzigo mzito ukiwa umekaa usawa wa ardhi, kiasi kwamba alihitaji kuuinua inchi chache tu. Kila baada ya siku kadhaa alirudisha udongo kidogo. Mzigo ni ule ule, ila sasa anachuchumaa chini zaidi, na zaidi, mpaka shimo likajaa na mtu anainuka nao kutoka chini kabisa. Mwili umedanganywa kwa koleo.

Juni 1955 alipelekwa Moscow na timu ya Marekani. Mashindano yalifanyika uwanjani, nje, katika mvua. Enzi hizo mitindo ya kunyanyua ilikuwa mitatu, na uzito bora wa kila mmoja ulijumlishwa kupata jumla ya mtu. Ilikuwa mitatu kwa kuwa kusukuma juu kwa nguvu za mikono kulikuwa hakujafutwa. Kulifutwa baada ya Olimpiki ya 1972. Mpinzani wake wa timu mwenyeji, Alexey Medvedev, alisukuma kilo 150. Anderson akaomba 182.5 na akazisukuma. Warusi wakamwita ajabu ya maumbile. Oktoba mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia mjini Munich kwa jumla ya kilo 512.5.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa usiku wa Olimpiki ya Melbourne, Novemba 1956, ambao hakuwa katika ubora wake. Alikuwa na homa kali. Baada ya mitindo miwili Humberto Selvetti wa Argentina alimzidi kilo 7.5, kisha Selvetti akamaliza kwa kuinua 180, jumla 500. Anderson alihitaji 187.5 ili wafungane. Mara ya kwanza akashindwa. Mara ya pili akashindwa. Ya tatu ikapanda. Wakalingana kilo 500 kwa 500, na kwa sheria ya wakati huo mwepesi ndiye mshindi. Anderson alikuwa na kilo 137.9, Selvetti 143.5. Katika uzito wa juu, ambako watu hula ili waongezeke, dhahabu ilitolewa na mzani.

Hapa nawakumbusha mashindano yetu ya ndani. Wawili walifungana, na mzani tuliouazima duka la nafaka ulisoma kilo tofauti kila ulipokanyagwa. Tulibishana hadi magharibi. Kwanza, sheria ya mwepesi imeshaondolewa. Sasa anayetangulia kufikisha jumla ile ndiye mshindi, na kamati imeiandika kwenye kanuni zetu. Pili, mzani tumenunua. Huo upo, mnauona pale pembeni.

Baada ya Melbourne Anderson alianza kulipwa kwa kuonyesha nguvu zake jukwaani, na sheria za ridhaa, zilizokataza wanamichezo wanaolipwa, zikamfungia mlango wa Olimpiki ya Roma, 1960. Dhahabu ikaenda kwa Yuri Vlasov wa Urusi ya Kisovieti. Kwa hiyo wale mliotaka mwenzetu afukuzwe kwa kulipwa kubeba ekseli kwenye uzinduzi wa duka, kamati imekataa. Alichopata alileta nusu kwenye mfuko wa chama. Anderson naye, pamoja na mkewe, mwaka 1961 walifungua huko Vidalia, Georgia, makao ya vijana waliokuwa na kesi, na maonyesho yake yakawa ya kuchangisha fedha za makao hayo.

Mwanachama mmoja aliniuliza kwa nini sikutaja zile pauni 6,270 anazosemekana kuzibeba mgongoni mwaka 1957. Zilikaa miaka mingi katika kitabu cha rekodi cha Guinness, kisha zikaondolewa kwa upungufu wa ushahidi. Daftari letu halitaandika uzito ambao hakuna mwamuzi aliyeuona, nanyi mnaojisifia kilo za mazoezi ya alfajiri peke yenu mmesikia.

Figo zilimrudia ukubwani. Mwaka 1983 dada yake alimpa figo moja. Alifariki Agosti 1994, akiwa na miaka 61.

Kuhusu shimo letu: lilichimbwa nyuma ya banda, kina cha goti, ekseli ikilazwa juu ya matairi mawili. Mvua za vuli zililijaza maji, vyura wakahamia, tukapoteza wiki mbili. Sasa limebaki kina cha kiganja. Jumamosi ni zamu ya wanaokaa ng'ambo ya barabara kuleta ndoo za udongo. Tafadhali msilete mchanga wa ufukweni kama mara ile. Unadidimia mtu akiwa na mzigo begani.

Mhazini atafuata na hesabu.