Mwanangu, kidole chako kisikae mbele ya nozeli

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Picha ya adapta uliyoichonga, ile ya kuunganisha mashine ya kupimia na nozeli inayopuliza dizeli ndani ya injini, nimeiona. Dada yako aliikuza kwenye simu yake, nikaitazama hadi akaniomba nimrudishie. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nikikupigia unaniambia "sawa baba, nimekuelewa," huku nasikia grinda inaendelea kulia. Karatasi utaisoma usiku ukimaliza kazi, na utairudia.

Mama yako ameniambia Jumamosi unatoka Nachingwea na yale malori mawili ya jeshi kwenda Liwale kubeba ufuta, na mashine ya kupimia nozeli unaondoka nayo. Tangu hapo sijalala vizuri. Gereji kuna watu. Porini utakuwa wewe, dereva na tandiboi, lori limezima, tajiri anapiga simu kila saa. Mtu akiharakishwa namna hiyo ndipo anapopitisha kidole kwenye ncha ya nozeli kuona kama inavuja. Usipitishe. Hata mara moja.

Kazi yenyewe umeifanya vizuri, na nataka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe. Umechukua boliti ngumu ya 10.9, ukaikereza, ukatoboa tundu la milimita mbili, ukachonga koni ya nyuzi 60. Mafundi wengi niliofanya nao kazi wangekata bomba la zamani, wakalichomelea kwa shaba kwenye nati nyingine, wakasema adapta imepatikana. Wewe uliambiwa ufanye hivyo ukakataa mbele ya wanaume wa gereji nzima. Habari hiyo imenifikia, nikamsimulia mjomba wako, maana yeye na mimi ndio tuliosema sana wakati ule wa cherehani, tulipotaka ushone badala ya kushika spana. Hakujibu kitu. Cherehani bado ipo sebuleni, mama yako anapindia mashuka. Hakuna anayeiulizia tena.

Ila kwenye picha ileile kuna mambo hayakunifurahisha. Nimeona utepe mweupe wa mabomba ya maji kwenye thredi, yale meno ya kufungia. Utoe leo. Kwenye presha ya nozeli thredi haizibi kitu, kinachoziba ni chuma kukalia chuma, koni ndani ya koni. Ukiona panavuja, jua koni ina mkwaruzo au haikukaa sawasawa. Utepe unaficha ugonjwa tu, na vipande vyake vikimeguka vinaingia ndani ya nozeli ambamo sindano inateleza kwenye nafasi ndogo kuliko unywele.

Halafu thredi zenyewe. Hayo ni magari ya Kimarekani, na Wamarekani wanapenda inchi. Boliti ya M14, yaani ya milimita 14, yenye hatua ya 1.5 kutoka jino hadi jino, ukiipeleka kwenye nati ya inchi 9/16 yenye meno 18 kwa inchi, itaingia. Itazunguka raundi moja au mbili, kisha itakaza, na utadhani ni uchafu. Si uchafu. Inchi 9/16 ni milimita 14.29, na hatua ya meno yake ni kama 1.41. Ukilazimisha kwa spana unakula meno, yanabaki machache ya kushika, na siku moja adapta inaruka ikiwa kwenye bar 200. Ninakutumia geji ya thredi, ile yangu ya chuma yenye majani mengi. Pima kwanza, hata kama una hakika.

Na lile tundu. Kutoboa milimita mbili kwenye chuma kirefu kwa drili ya mkono, tundu linakwenda upande. Upande mmoja ukuta mnene, upande mwingine mwembamba, na kwa nje huoni. Kama hukuitoboa kwenye kerezo pande zote mbili, itupe, chonga nyingine. Boliti zipo. Ukishachonga, ziba mwisho wake, toa hewa yote, iweke nyuma ya ubao mnene, kisha pampu polepole mpaka ipite presha utakayoifanyia kazi kwa nusu yake tena. Kama nozeli inafunguka bar 200, ijaribu kwa 300. Iache hapo utazame sindano ya geji kama inashuka. Nasema utazame geji. Sikusema upapase adapta.

Najua unajua presha ni nini, lakini nataka uifikirie kwa namna hii. Tairi la lori ukilijaza linakaa kwenye bar 7 au 8, na wewe mwenyewe unawafukuza watoto likijazwa. Sasa elewa kwamba mafuta yakitoka kwenye tundu dogo, bar 7 hizohizo zinatosha kutoboa ngozi ya mtu. Nozeli nyingi za injini za zamani zinafunguka kati ya bar 175 na 250. Kidole ni nini mbele ya hiyo?

Tena ubaya wake hauumi hapohapo. Unaona kitone kama umechomwa na mwiba wa mchongoma, damu kidogo au hakuna, unajifuta kwa tambara unaendelea na kazi. Dizeli imeshaingia, inafuata mishipa ya kano mpaka kiganjani. Usiku mkono unavimba, unakuwa wa baridi au unawaka moto, asubuhi vidole havikunji. Dizeli inaua nyama kutoka ndani. Wanaochelewa hukatwa kidole, wengine mkono. Jirani yetu wa Magomeni unamjua, sina haja ya kukukumbusha.

Kwa hiyo ikitokea, Mungu aepushie mbali, usisubiri kuona kama kutavimba. Usikande, usichovye kwenye maji ya moto, usipake chochote. Acha lori lilipo, acha ufuta wa tajiri ulipo, panda pikipiki. Ukifika hospitali usiseme "nimechomwa." Sema hivi: mafuta ya dizeli yameingia mkononi kwa presha, nahitaji daktari wa upasuaji sasa hivi. Mhudumu akiona kitone anaweza kukupa sindano ya pepopunda na kukurudisha nyumbani. Usikubali kurudi. Mkono unatakiwa ufunguliwe na kuoshwa mapema, ndani ya saa sita ikiwezekana. Kutoka Liwale saa sita zinaweza kuishia njiani, ndiyo maana nakuomba uondoke dakika ileile. Nachingwea wakishindwa, nenda Ndanda.

Ukiniona mimi zamani nikipangusa ncha ya nozeli kwa dole gumba, ulikuwa mtoto, na watoto hushika wanachokiona. Usikishike hicho.

Upimaji wenyewe ufanye hivi. Nozeli ielekee chini, ndani ya chupa kubwa ya plastiki inayoonyesha, iliyokatwa mdomo, ili ukungu ubaki humo. Ukungu wa dizeli unashika moto kuliko dizeli ya kwenye ndoo, kwa hiyo tandiboi asivute sigara hapo wala mama ntilie asiweke jiko karibu. Pampu taratibu usome geji inapofunguka. Kisha shusha, ipeleke bar 10 chini ya hapo, ishikilie kwa sekunde kumi. Ncha ikibaki kavu, sindano inakalia vizuri. Ikitokea tone, isafishe au ibadilishe. Kwa kuangalia ukungu na kusikiliza mlio, funga kwanza valvu ya geji usije ukaiua, halafu piga mpini kwa kasi. Presha ikiwa chini au juu ya inavyotakiwa, cheza na shimu, kile kisahani chembamba kinachokaza springi.

Namba ya presha usiichukue kwa fundi wa jirani. Ipo kwenye kitabu cha jeshi cha gari lenyewe, na vile vya M35A2, ndiyo hayo malori yako, vinapatikana wazi, mwombe dada yako akushushie kwenye simu kabla hujaingia kusiko na mtandao. Injini yako ni LDT-465, silinda sita, lita 7.8, na ilibuniwa inywe dizeli, mafuta ya ndege, hata petroli ikibidi. Tajiri akilisikia hilo atataka ujaze chochote cha bei rahisi. Mwambie mafuta mepesi hayalainishi, pampu na nozeli zitakwisha kabla ya msimu kwisha. Jambo lingine, injini hiyo inafuata mfumo wa MAN wa Ujerumani. Mafuta mengi yanatandazwa kwenye ukuta wa bakuli lililo juu ya pistoni, hayatawanywi hewani kama ulivyozoea. Kwa hiyo usiihukumu nozeli yake kwa jicho la Scania, ukaitupa nzima kwa kudhani ni mbovu.

Na yule mwenye lori lingine kubwa anayekubembeleza umchongee adapta, kama gari lake ni M939 lenye Cummins NHC-250, mwambie haiwezekani. Ule ni mfumo wa PT. Pampu inapeleka mafuta kwa presha ndogo tu, nozeli yenyewe inakandamizwa na roka, ule mkono unaosukumwa na kemshafti. Haina bomba la presha, haifunguki yenyewe kwa presha ya pampu, na mashine yako haitakupa jibu lolote. Ukichukua hela yake utakuwa umemdhulumu.

Huku nyumbani tunaendelea. Salfa imefika, mikorosho ya bondeni tumepuliza, ile ya juu inangoja kijana wa mashine ambaye kila siku anasema kesho. Mdogo wako ameanza kupumulia vumbi lile bila kitambaa, nimemgombeza, wewe pia mgombeze kwa simu kwa sababu wewe anakusikia. Paa la jikoni lilibebwa na upepo wa kusi upande mmoja, nimeliwekea makuti kwa sasa. Mama yako dawa zake anameza, ila chumvi hajaacha. Shangazi yako wa Mikindani anawatoa wari wake mwezi ujao na anataka kujua kama utakuwepo. Nimemjibu unaweza, kwa hiyo usiniangushe. Hela uliyotuma tumelipia umeme na kununua mbegu ya mbaazi, iliyobaki nimekuwekea usije ukasema hatukuambii matumizi.

Kifurushi nimempa kondakta wa basi la asubuhi la Masasi, atakikabidhi kwa wa Nachingwea. Kuna geji ya thredi, bomba moja la presha zima ambalo halijakatwa, kipande cha kioo cha plastiki cha kukinga uso, na korosho alizobangua mama yako. Miwani sikuipata Mtwara yenye ubora, nunua huko, usiende bila.

Ukifika Liwale piga, hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako.

Nimesahau hili: glovu za mpira hazizuii. Presha inapita glovu na ngozi kwa pamoja, na za kitambaa ni bure kabisa. Ukitafuta panapovuja kwenye bomba, tumia kipande cha boksi kilichoshikwa kwa koleo.