Punda aliyekonda asipewe ndoo ya pumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie punda, hasa wale waliobaki mifupa mitupu ambao kiangazi hiki tunawaona kandokando ya barabara huku Kongwa.

Mwezi wa nane mwaka jana jirani yangu hapa Kibaigwa aliokota punda jike aliyetelekezwa na wenye tela baada ya kuishiwa nguvu. Jirani yangu ni mtu wa huruma. Alimwingiza zizini akamtilia ndoo nzima ya pumba za mahindi, maana kwa mji wenye soko la mahindi kama letu, pumba ndicho chakula cha mifugo kilicho karibu na mkono. Punda alikula mpaka akalamba ndoo. Kesho yake, Jumatatu, akapewa nyingine. Jumatano akaanza kutetemeka mapaja na kuyumba, na Alhamisi alfajiri tukamkuta kalala ubavu, keshakufa. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema alikuja na ugonjwa wake. Jirani yangu alilia. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, alikuwa na njaa. Ningemnyima?"

Siku ile sikuwa na moyo wa kumjibu. Namjibu hapa, na wengine wasikie.

Nilifanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, Nairobi kwa miaka 14, kwenye mazizi ya farasi wa mbio upande wa Ngong. Farasi wa mbio akiacha kushinda, au akiumia mguu, huuzwa. Wengine huangukia mikono mizuri, wengine huchukuliwa na watu waliotaka kuwa na farasi kabla ya kujua farasi anakula nini. Siku moja alirudishwa pale farasi wa rangi ya kahawia, aliyehasiwa, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa namsugua kwa brashi kila alfajiri enzi zake za kukimbia. Alipoondoka alikuwa na uzito wa karibu kilo 480. Aliporudi mbavu zake zilihesabika kutoka ng'ambo ya uwanja, nyonga zimechomoza, na nyama ya shingo imeisha kabisa. Farasi hupimwa unene kwa alama 1 hadi 9, na daktari alimpa 1.

Nikakimbilia stoo kumletea nafaka. Daktari wa mifugo akanizuia mlangoni. Alinieleza kitu ambacho sijakisahau mpaka leo: mnyama aliyekaa na njaa kwa muda mrefu amekwisha kula mafuta yake na ameanza kula misuli yake, moyo ukiwemo. Madini ya mwilini mwake yamebaki kidogo sana. Ukimpa nafaka au pumba, wanga unageuka sukari, sukari inaamsha insulini, na insulini inayavuta madini yale machache kutoka kwenye damu na kuyaingiza ndani ya chembe za mwili: fosforasi, potasiamu, magnesiamu. Damu inabaki bila kitu. Misuli inalegea, pumzi inashindwa, moyo unasimama. Kwa kawaida hutokea kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati mwenye mnyama anadhani sasa amepona. Hesabuni siku za punda wa jirani yangu.

Yule farasi alipewa majani makavu ya lusini, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, peke yake, nusu kilo kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa siku tatu. Tulipokezana kuamka. Kuanzia siku ya nne tukaongeza kidogo kidogo huku tukipunguza idadi ya milo, mpaka siku ya kumi akawa anakula majani kadiri anavyotaka. Nafaka hakuiona mpaka baadaye sana. Kule Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis waliwajaribia farasi waliokondeana vyakula mbalimbali, na lusini ndiyo iliyowafaa zaidi kwa kuwa ina protini na madini mengi na wanga kidogo.

Lusini huku kwetu ni adimu. Tunayo majani ya karanga, nayo ni ya jamii hiyohiyo ya mikunde. Wilaya hii Waingereza walifyeka mapori mwaka 1947 walime karanga kwa matrekta, wakashindwa na kuondoka miaka michache baadaye. Sisi tunalima mpaka leo kwa jembe la mkono, tukivuna tunayaacha majani yakauke shambani na mengine tunayachoma. Yakusanyeni yangali na rangi ya kijani, yaanikeni kivulini, yasiwe na ukungu. Ni dawa hiyo. Ila naomba watu wasichanganye lusini na mti wa lukina, ambao wengine huuita lusina. Lukina ng'ombe na mbuzi wanaimudu. Punda akiila mara kwa mara, singa za shingoni na mkiani hupukutika.

Baada ya msiba ule wa jirani, mwezi wa tisa nilinunua punda jike mwingine kwa shilingi 60,000. Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa naye. Nilifika naye nyumbani usiku, tukamwita Chausiku. Begani alikuwa na vidonda viwili vya nira, kila kimoja upana wa kiganja. Nilimpa majani ya karanga yaliyochanganywa na nyasi kavu, gramu 150 hivi kwa mlo, kila saa nne. Mke wangu alichukua zamu ya saa nane usiku. Maji masafi muda wote, na jiwe la chumvi pembeni.

Siku ya pili nikaona vitu chini ya hori: vitonge vya majani, vimetafunwa nusu, vimeviringika kama tumbaku ya kutafuna, vimelowa mate. Nikaokota kimoja nikakifungua, nyasi zilikuwa bado ndefu kama kidole. Hapo nikajua kwamba huyu hata kwa bwana wake wa kwanza pengine chakula kilikuwepo, ila kinywa kilimshinda. Nilivuta ulimi wake pembeni, nikaingiza kidole kwenye shavu. Magego ya juu yalikuwa na ncha kama msumeno kwa upande wa nje, na shavu kwa ndani lilikuwa limechanika. Afisa mifugo alikuja na tupa, tukamsugua meno kwa muda wa nusu saa. Tangu siku ile vitonge havikuonekana tena. Dawa ya minyoo afisa huyo aliichelewesha mpaka mwili ulipopata nguvu kidogo, na mimi nasema alifanya vema, maana watu wengi hukimbilia sindano na vidonge kabla ya kumtazama mnyama kinywani.

Mizani ya punda sina. Nilichukua kamba ya katani, nikawa kila Jumapili namzungushia kifuani nyuma ya miguu ya mbele na kufunga fundo pale ncha inapokutana. Fundo la kwanza lilikuwa sentimita 99. Wiki tatu za mwanzo mafundo yalipandiana palepale, na mtu asiye na subira angesema kazi bure. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu, mvua zimeshika na nyasi zimeota, fundo lilifika 111. Kamba hiyo ninayo, imening'inia zizini.

Kumrudisha kazini ndiko kulikonichukua muda zaidi. Yule farasi wa Nairobi alikuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba hatamu ikikazwa ni wakati wa kukimbia. Kila mpandaji alipovuta kumsimamisha, yeye aliongeza mbio, na watu wakamwita mkaidi. Alikuwa anatii kile alichofundishwa. Tulitembea naye kwa miguu wiki nyingi, tukishika kamba, twende, simama, geuka kushoto, geuka kulia, mpaka akaelewa kwamba mkono ukivuta na kuachia maana yake ni kutulia. Chausiku naye alikuwa na somo lake la zamani. Akiona tela tu, alikunja kiuno na kubana mkia kabla hata hujamgusa, akingoja fimbo.

Kwa hiyo tela nililitoa uani. Miezi mitatu tulitembea tu, mimi na yeye na kamba, hadi barabara kuu na kurudi. Kisha nikamshonea mkanda wa kifua kwa turubai, upana wa viganja viwili, ndani nimeweka blanketi kuukuu. Hapa wenye tela naomba wanisikilize. Nira ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu, nira inakaa mbele ya nundu naye anasukuma. Punda hana nundu. Ukimvika nira mti unakaa juu ya mfupa, unasugua, na ndiyo maana vidonda vyote viko mahali pamoja kwa kila punda unayekutana naye hapa mjini. Nguvu ya punda iko kifuani. Alipouzoea mkanda nikamfungia tairi bovu la pikipiki alikokote mchangani, azoee kitu kinachomfuata nyuma. Baadaye tela tupu. Baadaye madumu mawili ya lita 20. Sasa anavuta madumu sita kutoka kisimani na simpigi.

Bwana Mhariri, naliandika hili sasa kwa sababu hali ya punda imebadilika. Mkoa wetu ulikuwa na machinjio ya punda, na aliyechoka alikuwa na mnunuzi wa ngozi. Mwezi wa pili 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zao. Nimeufurahia uamuzi huo kwa moyo wote. Lakini punda aliyechakaa hana tena wa kumnunua, na mtu asiyejua namna ya kumrudisha anamfungulia kamba akajifie. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, inakataza ukatili na kutelekeza. Kumkamata mwenye punda hakutamfundisha kupima majani gramu 150.

Ninachoomba kwa halmashauri zetu za Kongwa, Mpwapwa na Chamwino ni hiki: siku za mnada, afisa mifugo mmoja akae na tupa ya meno na mkanda wa kifua wa kuonyesha, awahudumie wenye punda kama wanavyohudumiwa wenye ng'ombe. Mnadani wapo wote, hakuna haja ya kuitisha semina.

Jirani yangu ameshapata punda mwingine, dume, naye kakonda. Safari hii alikuja kwanza kuniazima kamba ya mafundo. Juzi usiku saa nane niliona taa ya simu yake inatembea kuelekea zizini.

Saisi wa zamani,
Kibaigwa, Kongwa