Barua kwa mwanangu aliyepangiwa ufundi wa ndege

Mwanangu mpenzi, asalaam aleikum,

Meseji yako nimeisoma, nikamsomea na mamako. Naona umenuna, eti ulitaka kuwa wale wanaoruka kutoka kwenye helikopta kuokoa watu baharini, wao wamekupangia ufundi. Sasa nisikilize babaako, mie ujana wangu wote nimeshika spana natengeneza mashine za boti hapa Unguja, na tangu ufike Elizabeth City huko Marekani nimekaa nasoma habari za hicho kituo cha ndege cha walinzi wa pwani mpaka mamako ananishangaa.

Walinzi wa pwani walikifungua tarehe 15 Agosti 1940 hapo kando ya mto Pasquotank, enzi za ndege za kutua majini. Vita ilipowafikia, 1942, nyambizi za Kijerumani zikawa zinazamisha meli pwani hiyo hiyo ya North Carolina, ikabidi waruke kuzisaka. Miaka ya baadaye ndege kubwa za hapo, C-130, zikawa zinakwenda mpaka upande wa Newfoundland, huko Kanada, kutazama milima ya barafu baharini, doria ilioanzishwa sababu ya meli ya Titanic kugonga barafu ikazama. Yote makubwa hayo, lakini mie lililonikamata ni la 1983.

Tarehe 12 Februari mwaka huo meli ya makaa ya mawe, Marine Electric, ilizama na dhoruba usiku nje ya Virginia, ina watu 34. Helikopta ikatoka hapo hapo ulipo, ikafika, ikateremsha kikapu, na watu kikapu kiko mbele yao lakini mikono imeshakufa ganzi kwa baridi hawawezi hata kukishika. Kikosi wakati ule hakikuwa na waogeleaji wa kushuka majini, mpaka akaletwa mmoja wa jeshi la wanamaji. Wakapona 3 tu. Yaani msaada umeshafika na watu wanakufa chini yake, mwanangu! 1984 bunge lao likaamuru kikosi kiwe na waogeleaji wake, na 1985 wa mwanzo wakaanza kazi hapo hapo Elizabeth City. Ndo hao unaowatamani, na haki yako kuwatamani.

Ila hebu itazame helikopta yenyewe, Jayhawk, inapokwenda kuokoa. Watu wanne, marubani wawili, mwogeleaji, na fundi. Rubani haoni kilicho chini ya tumbo la ndege, fundi ndo anainama mlangoni na upepo wote ule anamwambia mbele kidogo, kulia, hapo hapo, huku mkono mmoja unaendesha winchi na mwengine unaongoza waya usiyumbe. Mwogeleaji akishashuka majini roho yake anayo huyo fundi. Oktoba 2012, kimbunga Sandy, meli ya matanga Bounty ilipozama nje ya Cape Hatteras ikiwa na watu 16, helikopta za hapo ziliopoa 14, na wote hao walipandishwa na winchi inayoendeshwa na fundi.

Na kabla ya kuruka je? Zamu ikiitwa inatakiwa ndege iwe angani ndani ya dakika 30. Ikirudi kutoka baharini inaoshwa, maana chumvi inakula chuma, wewe mwenyewe unajua mashine ya boti usipoisukutua kwa maji matamu inavyokuwa. Usiku ilipozama meli ya Spice Islander, Septemba 2011, wavuvi wa Nungwi walitoka na boti zao kuokota watu, Mungu awalipe, na boti ambayo mashine yake iliwaka ndo iliyokwenda. Mie tangu siku hiyo mashine ya mtu siiachii mpaka niiwashe mara ya pili.

Kuna jengine. Chini ya hapo kwenye visiwa vya Outer Banks palikuwa na kituo cha waokoaji wa baharini, Pea Island, watu weusi watupu, mkuu wao Richard Etheridge kazaliwa utumwani. Oktoba 1896 meli E.S. Newman ilikwama na dhoruba, vifaa vyote havifai, wakajifunga kamba wawili wawili wakaogelea mpaka melini, wenzao wamebaki ufukweni wameishika. Wakawatoa wote 9, na mtoto mdogo akiwemo. Medali ya dhahabu ikaja 1996, wenyewe wameshakufa zamani, na medali hiyo ni yao wote, walioogelea na walioshika kamba.

Ukipata siku ya mapumziko nenda Manteo, kipo kijumba cha makumbusho yao, jiko lao la zamani hilo. Uwaulize wenyeji kamba ile ilikuwa ya aina gani na walifunga fundo gani kiunoni, kisha unipigie uniambie. Mamako anakusalimu, anasema ule.

Babaako