Mama aliyejifungua asifichwe hali ya mwanawe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu habari mliyoichapisha hivi karibuni ya mtoto mchanga aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo na kupona. Habari hiyo ilikuwa njema na iliandikwa kwa ufasaha, na madaktari waliotajwa wanastahili pongezi zote walizopewa. Kilichonifanya nishike kalamu ni aya moja ya katikati, ambamo mwandishi wenu aliisifu familia kwa busara ya kumficha mama ugonjwa wa mwanawe hadi upasuaji ulipokwisha, ili asipate mshtuko kabla hajapata nafuu ya kujifungua. Baba amenukuliwa, babu amenukuliwa, daktari amenukuliwa. Mama hakunukuliwa popote.

Mimi ni mmoja wa akina mama waliofichwa. Sina shaka kwamba waliofanya hivyo, kwangu na kwa huyo mwenzangu, walisukumwa na mapenzi, lakini mapenzi hayo yalituumiza, na gazeti linalosomwa na watu wengi halipaswi kuyatangaza kuwa ni mfano wa kuigwa.

Mwanangu alizaliwa umio wake ukiwa umekatika. Umio ndiyo njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwake kipande cha juu kiliishia kifuani kikiwa kimeziba, na kipande cha chini, badala ya kukutana na cha juu, kilikuwa kimeungana na njia ya hewa. Hiyo ndiyo sura inayoonekana mara nyingi zaidi ya tatizo hili, ambalo humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 hadi 4,000 wanaozaliwa. Mtoto wa namna hiyo hawezi kumeza hata mate yake mwenyewe. Akinyonyeshwa hupaliwa, na hata asiponyonyeshwa, mate kutoka juu na asidi ya tumbo kutoka chini huweza kuingia mapafuni.

Nilijua kwamba kuna jambo kabla ya mtu yeyote kuniambia. Povu jeupe lilikuwa likimtoka mdomoni, nikilifuta linarudi, na nilipomweka titini alivuta kidogo tu, akakohoa, midomo ikabadilika rangi. Mkunga akamchukua na kutoka naye mbio. Tangu hapo sikupata jibu lililokamilika. Mama mkwe alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, lala kwanza upate nguvu." Wifi yangu alikuwa akigeukia dirishani kila nilipouliza. Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu alisema daktari atapita. Mume wangu, kwa upande wake, alikuwa ameitwa pembeni na kuonyeshwa picha ya eksirei, ambamo mpira uliopitishwa mdomoni mwa mtoto ulionekana umejikunja kifuani kwa kukosa njia ya kushukia, na wazee wa pande zote mbili wakamtaka aahidi kwamba hataniambia neno.

Wanaodhani kwamba kufichwa humpunguzia mama uchungu nawaomba wafikirie kinachopita moyoni mwa mtu aliyenyang'anywa mtoto kwa haraka, kisha kila anayeingia chumbani anamtazama kwa huruma na kumsihi alale. Mimi sikuwaza habari za umio. Sikujua hata kwamba kuna ugonjwa kama huo. Niliwaza kwamba mtoto amekufa, na kwamba wanatafuta namna ya kunipasulia habari. Nikamlilia kama marehemu mtoto aliyekuwa hai, ghorofa moja tu chini ya kitanda changu. Habari ya kweli, pamoja na uzito wake wote, ilikuwa nyepesi kuliko ile niliyojitungia.

Hata hivyo, sitaki hoja yangu isimame juu ya machozi peke yake, kwa sababu kumficha mama kuna hasara nyingine ambazo madaktari na wauguzi wanazijua vizuri. Mtoto aliye tumboni humeza maji ya uzazi, na umio ukiwa umeziba maji hayo hukosa pa kupita yakazidi kiasi. Tumbo langu lilikuwa kubwa mno katika miezi ya mwisho, na karatasi ya ultrasaundi iliyosema hivyo ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kitanda, muda wote ambao watu walikuwa wakinong'ona kwenye korido. Aidha, karibu nusu ya watoto wenye tatizo hili huwa na kasoro nyingine pia, ya moyo, figo, uti wa mgongo au njia ya haja kubwa, na ndiyo maana hupimwa moyo kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Katika hali kama hiyo daktari huwa na maswali mengi kuhusu ujauzito na historia ya ukoo. Mume wangu, Mungu ambariki, alipoulizwa nilitumia dawa gani nikiwa mjamzito alijibu, "Zile za kawaida."

Kisha kuna suala la maziwa, ambalo katika msukosuko huu wote hakuna aliyelikumbuka. Mtoto ambaye hawezi kumeza leo atayahitaji maziwa ya mama yake baada ya upasuaji, mwanzoni kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni, baadaye kwa kunyonya. Maziwa hayo hayangoji. Mama asipoanza kukamua mapema, katika saa za mwanzo na mara nyingi kwa siku, huenda yakapungua wakati ule ule ambapo mtoto anayahitaji zaidi, na dang'a, yale maziwa ya kwanza yenye kinga nyingi, huwa imepotea bure. Wauguzi wa wodi ya wazazi walidhani wenzao wa wodi ya watoto wachanga wameshanieleza, nao wale wa huko chini walikuwa wameambiwa kwamba mama hajaambiwa lolote na asiambiwe. Nililala matiti yamejaa hadi yanauma, bila kujua kwamba nina kazi ya kufanya.

Na fomu ya ridhaa ya upasuaji? Sisemi kwamba baba hana haki ya kutia saini. Mtoto ni wake kama alivyo wangu. Nasema tu kwamba kisingizio cha haraka hakikuwepo. Kuna magonjwa ya watoto wachanga ambayo kila saa ina thamani, kwa mfano utumbo uliojisokota na kukosa damu, na hapo hakuna mtu mwenye akili atakayedai kikao. Umio uliokatika kwa kawaida si wa namna hiyo. Mtoto huinuliwa kichwa, huwekewa mpira wa kufyonza mate mfululizo, hupewa dripu, hupimwa, na upasuaji hufanyika mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Muda huo unatosha kabisa kumkalisha mama kwenye kiti cha magurudumu na kumshusha kwa lifti.

Aliyenishusha mimi ni muuguzi mmoja wa wodi ya watoto wachanga, aliyepanda juu kwa hiari yake kuuliza kwa nini mtoto huyu hajatembelewa na mama yake. Wazee walinuna, yeye akasukuma kiti. Daktari bingwa wa upasuaji wa watoto alivuta kigoda akaketi, akageuza karatasi ya fomu upande usioandikwa, akachora mirija miwili. Alinionyesha mahali atakapopasua, upande wa kulia katikati ya mbavu. Alinionyesha pia jinsi atakavyouziba muungano wa kipande cha chini na njia ya hewa, kisha azishone ncha mbili za umio pamoja. Hakunificha kwamba mshono unaweza kuvuja au baadaye ukabana, wala kwamba akikuta ncha ziko mbali mno hataziunganisha siku hiyo, bali atamwekea mtoto mpira wa kulishia tumboni na tutasubiri, pengine kwa miezi. Kisha akaniomba nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe nilichoelewa. Nilieleza nusu. Akarudia yote tangu mwanzo bila kukunja uso, na kesho yake asubuhi akaja kurudia tena, maana alijua kwamba mtu aliyepata habari ya namna hiyo husikia sauti tu na maneno yakampita.

Nilimuuliza kama ni kosa langu. Alinijibu kwamba umio na njia ya hewa hutengana katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, wakati ambapo wanawake wengi hata hawajatambua kwamba ni wajawazito, na kwamba katika watoto wengi wenye tatizo hili chanzo hakijulikani, wala hakuna alichokula, alichobeba au alichofanya mama kinacholaumiwa. Laiti maneno hayo yangesemwa mbele ya ukoo mzima! Nawaomba madaktari wote wayaseme mbele ya mama mkwe, mawifi na mashangazi, kwa sababu mama akielezwa peke yake atabaki yeye peke yake anayejua kwamba hana hatia.

Najua nitaambiwa kwamba mwanamke mwenye mshono mpya, au mwenye shinikizo la damu, hafai kubebeshwa habari nzito. Ikiwa mama hajitambui au ana kifafa cha mimba, bila shaka angojewe. Udhaifu wa kawaida wa baada ya kujifungua ni jambo jingine, na sijawahi kusikia kwamba shinikizo la damu hushuka kwa mtu kudanganywa. Nitaambiwa pia kwamba nilikuwa katika hatari ya sonona. Ni kweli kwamba wazazi ambao watoto wao hulazwa katika wodi ya wachanga mahututi hupatwa na sonona na wasiwasi zaidi kuliko wazazi wengine. Akina baba wamo katika hesabu hiyo. Mume wangu alipitisha usiku akiwa na siri ambayo hakuwa na wa kuijadili naye, mbele ya mwanamke ambaye kila mara alikuwa akimuuliza mtoto yuko wapi. Hilo nalo tusilisahau tunaposema kwamba mwanamume ajikaze.

Wazee wetu sina ugomvi nao. Wanapoogopa hawaogopi kivuli, kwa sababu mtoto wa kwanza kuunganishwa umio kwa upasuaji mmoja na kuishi alipasuliwa mwaka 1941, na Dkt. Cameron Haight, huko Michigan nchini Marekani. Kabla ya miaka ile karibu wote walikufa. Leo, katika hospitali zenye vifaa kamili, zaidi ya watoto tisa katika kila kumi hupona. Lakini si kila hospitali ina vifaa hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la tiba la Lancet, uliohusisha hospitali 264 katika nchi 74, ulichunguza kasoro saba za kuzaliwa za mfumo wa chakula, hii ikiwemo, ukakuta kwamba katika nchi za kipato cha chini karibu asilimia 40 ya watoto hao walifariki, katika zile za kipato cha kati asilimia 20, na katika nchi tajiri chini ya asilimia 6. Wapo watakaosoma takwimu hizo na kusema kwamba ndiyo sababu ya kuficha. Mimi nazisoma kinyume. Ikiwa mtoto anaweza asirudi kutoka chumba cha upasuaji, basi mama yake amguse kabla hajaingia, kwa sababu nafasi hiyo ikipita hakuna wa kumrudishia.

Nao wanaopona hawarudi nyumbani wakiwa wamemalizana na hospitali, jambo ambalo habari yenu haikuligusa. Mtoto aliyeunganishwa umio hukohoa kikohozi kikali chenye mlio wa kubweka, wakati mwingine kwa miaka, mshono hubana akahitaji kupanuliwa tena na tena chini ya dawa ya usingizi, tindikali ya tumbo hupanda, chakula kigumu hunasa njiani. Atakayesikia usiku kwamba kikohozi cha leo si kile cha jana, na atakayeona kwamba mtoto amekataa kumeza tangu asubuhi, mara nyingi ni mama. Huwezi kumweka nje ya mlango siku ya kwanza kisha ukamtaka awe mlinzi siku ya kuruhusiwa.

Ombi langu kwa wakuu wa hospitali ni dogo na halihitaji mashine mpya. Faili la mtoto mchanga lina mahali pa kuandika uzito, joto, kundi la damu na jina la aliyetia saini ya ridhaa. Uongezwe mstari mmoja wa kuandika ni nani aliyemweleza mama, saa ngapi, na kama alionyeshwa mtoto wake. Mstari huo ukiwa mtupu, mtoto asipelekwe chumba cha upasuaji, isipokuwa kama mama hajitambui au ugonjwa wenyewe haungoji.

Wenu,
Mama msomaji