Avoka yako haikugeuka, ya juu ndiyo ilikufa

Kila mwaka kiangazi ikiisha watu wanarudi kwetu pepinyere, kwenye tunaotesha na kuuza miche, na hasira, eti tuliwauzia avoka ya kugrefe (yenye kijiti cha avoka nzuri kimeunganishwa kwenye shina la ingine) na sasa imegeuka ya kienyeji. Wiki hii mama mumoja wa Ndosho, hapa Goma, ametuita wezi mbele ya wakiriya wengine, na ile inauma. Tulienda naye mpaka kwenye parsele (kiwanja) yake, tukatoa udongo kwenye shina na mikono, na tukakuta kijiti cha Hass, ile avoka nzuri yenye tuligrefe, kimekauka zamani, yenye inamea vizuri ni matawi ya chini.

Mama, muti wa kugrefe ni miti mbili. Chini ya kifundo, pale tuliunganisha, ni avoka ya mbegu, inaleta mizizi tu, juu ya kifundo ndiyo avoka nzuri, Hass ama Fuerte, yenye ulilipia. Kila kitu kinaota chini ya kifundo unakitoa na kidole kingali laini, bila huruma.

Lakini mara nyingi tatizo linaanza na shimo. Tunaomba santimita 80 kila upande, na watu wa Murara na Mapendo, kwenye lava ya volkano Nyiragongo ya 2002, wanasema kuvunja makoro, yale mawe ya lava, ni bei kuliko muti wenyewe. Ni kweli, ni bei. Basi mutu anachimba 30, anagonga jiwe, anaweka muti, anaona unayumba, anarundika udongo mpaka unafunika kifundo. Kwenye mvua shina linaanza kuoza, Julai ule udongo kidogo unakauka juu ya jiwe la moto, na ya juu inakufa. Ya mbegu ni ngumu, inatoa matawi mapya na mutu anafurahi eti muti umepona! Miaka inapita, anangoja Hass, anapata kitunda kidogo mbegu kubwa.

Papa mumoja wa Katindo alilipa vijana wavunje mpaka wakapata ufa kwenye mwamba, akajaza udongo mweusi na mbolea ya ng'ombe yenye imeoza vizuri, kifundo akakiacha juu kabisa. Leo ni kwake tunaenda kukata vijiti vya kugrefe.

Na musituambie muche wa avoka sokoni ni dola 1 na sisi 5. Ile ya sokoni ni mbegu tu, matunda hayafanane na ya mama yake, na unaweza kungoja miaka 7 ama zaidi. Ya kwetu ikipandwa vizuri inaanza kubeba mwaka wa 3 ama wa 4. Tunaotesha mbegu, tunangoja shina lifike unene wa kalamu ndipo tugrefe, zenye hazishike ni hasara yetu, na udongo tunauleta na kamyo kutoka Rutshuru sababu hapa ni mawe tupu.

Kuanzia sasa tunakuja kuona shimo kwanza, bure, kabla ya kuuza, na tunapanda mvua ya Septemba ikishaingia vizuri. Wenye ya juu yao ilikufa, musing'oe, kama tawi la chini limefika unene wa kidole tunaligrefe palepale, na utalipa kidogo kuliko muti mupya na shimo mupya.