Barua ya wazi kwa vijana wa Tanga ambao majina yao hayakutoka

Wanangu wa Ngamiani, Chumbageni, Makorora na Pongwe, na nyinyi mliotoka Muheza, Mkinga na Pangani kuja kusoma mjini,

Asalaam aleikum, na amani iwe kwenu nyote.

Najua wengi wenu mmenyamaza tangu orodha ilipotoka. Wengine mmezima simu. Mama zenu wananisimamisha sokoni, wananiambia mtoto hali, mtoto hasemi, Mwalimu kaa naye umwulize. Mmoja mmoja siwezi kuwamaliza, ndiyo maana naandika. Mliomba nafasi ya kusomeshwa uofisa wa jeshi kwa gharama ya serikali, mpaka siku mtu anatunukiwa kamisheni na kuvishwa nyota ya Luteni Usu, na majina yenu hayakutoka. Inauma. Sitawaambia msahau, maana jambo ulilolitamani tangu darasa la tano halisahauliki kwa kuamriwa. Nawaomba kitu kingine: yale maombi yaliyokataliwa msiyatupe. Toeni nakala zake kwenye bahasha ya kaki, tuyasome upya.

Nasema hivi kwa sababu jibu la kukataliwa halikuja na maelezo. Orodha imetoka, jina halimo, basi. Hakuna aliyekuandikia kwamba ulikosa hapa au pale. Na pale pasipo na maelezo ndipo vijiwe vinapojaza vyake. Nimeyasikia: wanachukuana wao kwa wao, bila kigogo hupati, watu wa pwani hatutakiwi. Kuna waliopelekwa kwa waganga kufunguliwa nyota. Sitaapa kwamba upendeleo haupo katika nchi hii, nimeishi humu umri wangu wote na nimeuona kwa macho. Lakini tazama maneno hayo yanakufanya nini wewe. Ukishakubali kwamba uliachwa kwa kukosa mtu wa kukushika mkono, huna tena cha kusahihisha. Kama kasoro ilikuwa kwenye barua, itabaki kwenye barua. Kama ilikuwa kwenye vyeti, itabaki kwenye vyeti. Mwakani utapeleka bahasha ileile na utarudi na uchungu uleule.

Tena kuna watu wanaokula kwa uchungu huo. Ndani ya wiki moja baada ya majina kutoka, simu zinaanza kupigwa. Mtu anajitambulisha kuwa ni Kanali fulani wa Makao Makuu, sauti nzito, anakuita "kijana wangu", anasema kuna orodha ya pili, zimebaki nafasi chache, tuma hela ya faili kwa namba hii kabla ya saa kumi jioni. Mama mmoja wa Makorora nusura auze cherehani yake, na cherehani ile ndiyo iliyomsomesha mwanawe. Jeshi limeonya mara nyingi hadharani kuhusu matapeli wa namna hii. Nafasi za jeshi haziuzwi, na anayekuuzia anakuuzia hewa. Mkipigiwa, kata simu, nenda polisi na namba hiyo, na mwambie mama kabla hajapigiwa yeye.

Sasa tuje kwenye bahasha.

Mwaka huu vijana kadhaa wameniletea barua zao baada ya kukosa. Nimezisoma barazani kwangu moja baada ya nyingine, na ningeweza kufunga macho nikazisema kwa moyo, kwa jinsi zilivyofanana. "Mimi ni kijana mwenye ari, nidhamu na moyo wa kulitumikia taifa langu kwa uaminifu na uzalendo wa hali ya juu." Zote zinaanza hivyo. Naelewa mlikozitoa, barua moja ya mfano imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu akabadilisha jina na anwani. Mkae mfikiri: mtu aliyeketi mbele ya rundo la maombi, keshasoma neno uzalendo tangu asubuhi, atakukumbuka wewe kwa lipi?

Kijana mmoja wa Sahare aliniletea ya kwake. Ukurasa mmoja na nusu, hati nzuri, na humo ndani hakuna hata tone la maisha yake. Nikamwuliza, mwanangu, wewe unafanya nini ukitoka shule? Akajibu huku ameinamisha kichwa: baba aliumwa mgongo, kwa hiyo tangu kidato cha tatu yeye ndiye anayeisimamia boti yao nyakati za likizo. Ana mabaharia wanne, wote wamemzidi umri. Yeye ndiye anayeamua watoke au wasitoke kusi linapovuma, anayegawa mafuta, anayepiga hesabu ya mauzo na kulipa kila mtu fungu lake, na usiku mmoja injini ilipozima nje ya kisiwa cha Yambe yeye ndiye aliyewatuliza wakubwa zake wasirukie maji. Nikamwambia, haya hukuyaandika? Akasema, "Nilidhani si kitu cha kuandika jeshini, Mwalimu."

Wallahi niliumia zaidi ya alivyoumia yeye. Ofisa ni nani kama si mtu anayepewa watu wengine, akaulizwa juu ya uhai wao? Jeshi lina namna ya kumfundisha mtu kulenga shabaha na kusoma ramani. Kinachotafutwa kwa kijana anayeomba uofisa ni dalili kwamba amewahi kubeba dhamana na hakuitupa. Kijana yule alikuwa nayo kuliko wengi, akaificha nyuma ya sentensi ya kuazima. Na binti mmoja wa bweni, ambaye maji yalipokatika wiki nzima alipanga zamu za visima hadi hakuna aliyelala na kiu, yeye aliandika tu kwamba "aliwahi kuwa kiranja". Neno kiranja peke yake halisemi kitu. Andika ulifanya nini, kwa watu wangapi, na ilikuwaje.

Andikeni wenyewe. Matangazo ya JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yamekuwa yakitaka maombi yaandikwe kwa mkono, na wengine mnampa kaka mwenye hati nzuri awaandikie. Msifanye hivyo. Hati yako ni yako, iandike taratibu, ukikosea chukua karatasi nyingine.

Halafu majina. Hili linawaangusha wengi kimyakimya, na linatutesa sisi wa pwani hasa, kwa sababu majina yetu kila karani huyaandika anavyosikia. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ally, cha kidato cha nne kinasema Ali, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la babu, cheti cha shule kina jina la baba tu. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa anayekagua karatasi ni watu wawili au watatu, naye hana muda wa kukupigia umweleze. Leo hii weka vyeti vyako vyote juu ya meza, soma herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia. Kikipishana hata kimoja, anza safari ya RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na NIDA sasa, wakati hakuna tangazo. Tangazo likishatoka muda hautoshi.

Afya na mwili nitapita haraka, kwa kuwa mnanisikia kila siku. Nendeni hospitali ya Bombo mkapimwe macho, meno, presha na damu kabla ya kupimwa na jeshi, maana yapo matatizo yanayotibika ambayo mtu huyajulia siku ya usaili. Na kukimbia wiki mbili za mwisho si mazoezi. Barabara ya Raskazone ipo, alfajiri haina magari.

Usaili ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni somo langu. Huwa nawafanyia vijana usaili wa majaribio. Namwuliza, unatoka wapi? Anajibu Tanga kwa sauti ya kijeshi kabisa. Namwuliza, ni vita gani maarufu vilipiganwa Tanga? Kimya. Kijana anataka kuwa ofisa, amezaliwa mji huu, kila siku anapita Raskazone, hajui kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha huko kikosi cha askari wapatao 8,000 kutoka India, wakapigwa na askari wa Kijerumani wapatao 1,000 chini ya kamanda wao von Lettow-Vorbeck, wengi wao Waafrika. Na ukimsimulia, anakimbilia kusema habari ya nyuki, kwamba nyuki waliwafukuza Waingereza. Nyuki walikuwepo kweli. Lakini ofisa hawezi kuishia kwenye nyuki. Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza, hakuipeleleza ardhi aliyokuwa akiiendea. Alikataa msaada wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walioyajua mazingira ya huku. Kabla ya kushambulia, manowari ya Fox ilikwenda kuwatangazia Wajerumani kwamba inakuja, nao wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka upande wa Moshi. Tarehe 5 Novemba kikosi kikubwa kilirudi melini, kikaacha ufukweni bunduki na mamia ya maelfu ya risasi. Kijana anayeweza kunieleza hayo, na kunieleza yeye angeanza na lipi, huyo nampeleka kwenye usaili wowote. Jifunzeni pia historia ya jeshi lenyewe mnaloliomba: JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, JWTZ tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la zamani lililorithiwa kwa wakoloni, ya Januari mwaka huo. Mjue kwa nini jeshi la zamani lilivunjwa. Hilo ni muhimu kuliko tarehe.

Wengine mnasema, Mwalimu, njia ya uofisa ni moja, nikiikosa nimekosa. Hapana. Jenerali Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza Mtanzania, alipitia Sandhurst, Uingereza. Jenerali David Musuguri hakuanza huko. Aliingia KAR mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, akapanda ngazi kwa ngazi, akaongoza wapiganaji wetu vitani Uganda, na kutoka 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Amefariki mwaka 2024, mzee wa zaidi ya miaka mia.

Na si kwetu tu. Mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa Marekani na ni raia wa huko, aliomba skolashipu ya ROTC, mpango wao wa kuwasomesha maofisa ndani ya vyuo vikuu. Mpango wenyewe ni wa tangu 1916, na skolashipu hizi zilipanuliwa kwa sheria ya 1964. Wanalipa ada na kukupa posho, kisha nao wanakudai utumishi jeshini. Wanaangalia alama, mbio, mazungumzo ya ana kwa ana na rekodi ya kuongoza wenzako. Alikosa. Kwa utaratibu wao faili lako laweza kutazamwa tena na bodi inayofuata mwaka huohuo, na ruhusa ipo ya kuongeza alama mpya. Akaongeza, akakosa tena. Akaingia chuo kwa mkopo, akajiunga na mafunzo yaleyale ya ROTC bila skolashipu, akaamka alfajiri kama wenzake waliolipiwa. Wakufunzi wakamwona anavyofanya kazi, na mwaka wa pili chuoni hapohapo akapewa. Msinielewe vibaya, nyinyi hamwezi kuiomba ile, ni ya raia wao. Ninachotaka mkione ni kwamba aliendelea kufanya kazi ya ofisa kabla hajaitwa ofisa.

Kwetu mlango unaofanana na huo ni JKT kwa kujitolea, na mkoa wetu una kambi Maramba na Mgambo. Ila niwe mkweli kwenu kama mama: JKT wenyewe husema kwamba mafunzo yao si ahadi ya ajira. Nendeni kwa ajili ya mafunzo na ufundi, na jina likitoka baadaye tushukuru. Msiende mkijiambia mmeshaajiriwa.

Umri nao una kikomo, kimeandikwa kwenye kila tangazo, na masharti hubadilika, kwa hiyo someni tangazo la mwaka husika na si la kaka yenu. Piga hesabu umebakiwa na miaka mingapi ya kuomba. Ndani ya miaka hiyo soma, ingia chuo cha ufundi cha VETA, endesha boti, uza duka. Msikae barazani mkingoja. Na akina baba, kijana aliyekosa msimwite "afande" kwa mzaha mbele ya wageni. Acheni kabisa.

Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri nitakuwa nyumbani. Njooni na nakala ya barua mliyopeleka na vyeti vyote, siyo vilivyolaminishwa peke yake, na vile vilivyochakaa pia. Mlete kalamu na karatasi za mistari. Mabinti, njooni, nusu ya baraza ni yenu. Kijana wa Sahare ameshaandika upya ya kwake na amekubali kuwasomea. Walio mbali, Maramba na Pangani, mpigieni mwenzenu mmoja wa mjini awaletee.

Mama yenu,
mwalimu mstaafu wa historia,
Ngamiani, Tanga